Kuuguza Mwenye Saratani: Siku Zilizo Kati ya Kliniki Moja na Nyingine

Daktari wa saratani hukaa na mgonjwa dakika chache, kisha humwacha mikononi mwenu kwa wiki mbili au tatu. Dawa huingia mwilini hospitalini, lakini inapoanza kuleta makali yake mgonjwa yuko kitandani kwake, saa nane za usiku, na aliye macho karibu naye ni mke, mtoto, dada au mjomba. Kwa hiyo anayeuguza ni sehemu ya matibabu, hata kama hakuna aliyemwambia hivyo. Si lazima awe amesomea udaktari. Anachohitaji ni kujua lipi linaweza kungoja hadi asubuhi na lipi halingoji hata saa moja, na awe na daftari.

Daftari lenyewe liwe moja tu, la jalada gumu, na watu wote wanaopokezana zamu waandike humo humo. Ukurasa wa kwanza uwe na jina la saratani kama lilivyo kwenye majibu ya maabara, hatua iliyofikia, majina ya dawa za dripu, tarehe ya dripu ya mwisho, dawa anazodhurika nazo, na dawa nyingine zote anazotumia, ziwe za presha, za kisukari au za mitishamba. Mitishamba isifichwe. Ipo inayolifanya ini livunje dawa upesi kuliko kawaida, na ipo inayolichelewesha. Hata juisi ya balungi huchelewesha baadhi ya vidonge kuvunjwa mwilini. Matokeo yake dozi iliyopimwa kwa uangalifu inageuka kuwa ndogo mno au kubwa mno bila mtu kujua. Andikeni pia namba ya simu ya kitengo cha saratani, ya mchana na ya usiku. Usiku wa dharura mtapokelewa na daktari ambaye hajawahi kumwona mgonjwa huyu, na ukurasa huo utamweleza kwa nusu dakika mambo ambayo familia yenye hofu haiwezi kuyakumbuka.

Kurasa zinazofuata ni za kila siku: joto la mwili, maumivu kwa namba kuanzia 0 hadi 10, choo, kiasi alichokunywa, vidonge alivyomeza na saa. Uzito mara moja kwa wiki, asubuhi, kwa mizani ile ile. Daktari akiuliza "amekuwaje?", jibu la "hajambo kidogo" halimsaidii. Jibu la "aliharisha mara sita kwa siku, kuanzia siku ya tatu hadi ya tano" linaweza kubadilisha dozi inayofuata.

Mnapokwenda kliniki, andikeni maswali mapema na muanze na yale matatu yanayowasumbua zaidi, kwa sababu muda utaisha. Kuna swali moja ambalo familia nyingi huliogopa: matibabu haya yanalenga nini? Kuponya kabisa, kuuzuia ugonjwa usisonge mbele kwa muda, au kumpunguzia mateso? Ugumu uleule wa matibabu una maana tofauti kwa kila lengo. Mtu anayetibiwa ili apone huenda akaamua kuvumilia miezi sita ya taabu. Anayetibiwa ili apate muda zaidi ana haki ya kuuliza ni muda kiasi gani na utakuwa wa namna gani. Swali hili ni la mgonjwa kwanza. Muulize anataka kujua kiasi gani, na akitaka kujua, asifichwe. Tunaelewa huruma inayowafanya ndugu kumficha mzee au mama hali yake, lakini mtu mzima anayefichwa huugundua ukweli kwenye nyuso zenu, kisha hubaki nao peke yake.

Sasa homa. Hapa tutakaa, kwa sababu hapa ndipo watu hufa wakati wangeweza kuokolewa.

Dawa nyingi za saratani hushambulia seli zinazogawanyika haraka, na uboho unaotengeneza damu umo miongoni mwa hizo. Kwa dawa nyingi, chembe nyeupe hufika chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu. Aina ya chembe hizo inayopambana na bakteria ikishuka chini ya 500 kwa kila mikrolita ya damu, vijidudu vya kawaida vilivyomo mdomoni na tumboni mwa mgonjwa mwenyewe vinaweza kupenya hadi kwenye damu na kumwua kwa muda wa saa chache. Kinachowapoteza watu ni kwamba hakuna kinachoonekana. Kidonda hakitungi usaha na ngozi haivimbi, kwa kuwa usaha na uvimbe hutokana na kazi ya chembe nyeupe, na sasa hazipo. Mara nyingi dalili inayobaki ni homa peke yake.

Nunueni kipimajoto cha kidijitali na mkijaribu mgonjwa akiwa mzima, ili mjue joto lake la kawaida ni ngapi. Joto la 38.3 hata mara moja, au 38.0 linalodumu saa nzima, ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo. Vitengo vingi huwaambia wagonjwa wao waende likifika 38.0 tu; mkipewa kiwango chenu cha joto, fuateni hicho. Ukipima kwapani kumbuka kwamba kwapa husoma chini kidogo kuliko mdomo. Kosa linalogharimu maisha ni parasetamoli: mgonjwa anatetemeka, anapewa vidonge viwili, joto linashuka, watu wote wanarudi kulala. Homa imefichwa na bakteria wanaendelea. Pima kwanza, andika, piga simu, ndipo uulize kama anaweza kupewa cha kutuliza. Deksamethasoni nayo, dawa ya kuzuia kichefuchefu ambayo wagonjwa wengi hupewa pamoja na dripu, inaweza kuzuia joto lisipande, kwa hiyo kutetemeka kwa baridi, kuchanganyikiwa au kulegea ghafla kuchukuliwe kwa uzito ule ule hata kipimajoto kikisoma 37.

Mkifika mapokezi msiseme tu kwamba ana homa, mkaketi foleni. Semeni: "Anatumia dawa za saratani, dripu ya mwisho ilikuwa tarehe fulani, joto ni 38.6." Lengo linalofuatwa katika hali hii ni antibiotiki ya mshipa ndani ya dakika 60 tangu kufika. Mkiona mnasahaulika, rudieni sentensi hiyo kwa mtu mwingine, kwa heshima na bila kuona haya.

Katika siku hizo za damu kushuka, asipimwe joto kwa njia ya haja kubwa, asiwekewe dawa huko, wala asipigwe bomba la kutoa choo. Mchubuko mdogo tu ni mlango wa bakteria. Zaidi ya hapo hakuna haja ya kumfungia chumbani. Watu wanawe mikono kwa sabuni, wenye mafua wasubiri, chakula kiive sawasawa, mswaki uwe laini. Watoto wasio na ugonjwa wanaweza kukaa naye, na kwa kweli wanamfaa.

Kichefuchefu ni rahisi kukizuia kuliko kukituliza kikishaanza. Familia nyingi hudhani hatari imepita mgonjwa akirudi kutoka kwenye dripu akiwa hajatapika, kumbe kuna kichefuchefu cha pili, cha siku ya pili hadi ya tano, ambacho kwa baadhi ya dawa ndicho kikali zaidi. Kwa hiyo vidonge alivyoandikiwa vimezwe kwa saa zake hata akijisikia vizuri. Deksamethasoni imezwe asubuhi, maana ya jioni humnyima usingizi. Ondansetroni, nayo ya kuzuia kutapika, hufunga choo, na choo kilichofungwa huleta kichefuchefu chake; mtu huongezewa vidonge vya kuzuia kutapika wakati shida iko kwenye choo. Akishindwa kubakiza maji tumboni kwa siku nzima, au mkojo ukawa wa rangi nzito na kidogo huku akiona kizunguzungu akisimama, pigeni simu.

Kinywa huanza kuwaka mnamo wiki ya kwanza. Chemsheni lita moja ya maji, iache ipoe, tieni kijiko kimoja cha chai cha chumvi na kimoja cha magadi ya kuokea (baking soda), naye asukutue na kutema kila baada ya saa mbili hadi nne akiwa macho. Mchanganyiko utengenezwe upya kila siku. Dawa za kusukutua zenye alkoholi zinaunguza na kukausha, ziondoeni. Utando mweupe unaong'ang'ania ulimi au mashavu mara nyingi ni fangasi na una dawa yake, kwa hiyo msiusugue kwa nguvu mkidhani ni uchafu.

Halafu chakula, chanzo cha ugomvi mkubwa kuliko wowote katika nyumba yenye mgonjwa. Anayepika anaona sahani imerudi ilivyokwenda na anahisi upendo wake umekataliwa. Lakini saratani yenyewe hutoa kemikali zinazozima hamu ya kula na kuyeyusha misuli, na dawa hubadilisha ladha hadi nyama ikawa na ladha ya chuma. Kumbembeleza kwa machozi hakuwezi kushinda hilo. Kinachosaidia ni kidogo kidogo kila baada ya saa mbili au tatu, kwenye sahani ndogo. Asubuhi, ambapo wengi huwa na hamu kidogo, apewe kile chenye nguvu zaidi. Chakula cha vuguvugu au baridi kina harufu hafifu kuliko cha moto, na kijiko cha plastiki hupunguza ladha ya chuma. Lengo ni protini ya gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku: mtu wa kilo 60 anahitaji gramu 72 hadi 90, na yai moja lina kama gramu 6 tu, kwa hiyo uji wa maji mtupu hautamfikisha. Ongezeni maziwa ya unga, siagi ya karanga au mafuta kwenye kile anachokubali. Akipoteza asilimia 5 ya uzito ndani ya mwezi mmoja, mwambieni daktari, msingoje tarehe ya kliniki. Na ikiwa ugonjwa umefika mbali sana, kuna wakati mwili hauwezi tena kutumia chakula; hapo kumlazimisha ni kumtesa, na kukaa naye bila sahani mkononi kunamfaa zaidi.

Kuhusu maumivu, hofu ya morfini imewaumiza watu wengi kuliko morfini yenyewe. Inayotolewa kwa maumivu ya saratani, kwa dozi iliyopimwa na kupandishwa taratibu, haimharakishii mgonjwa kifo, na kuandikiwa hakumaanishi kwamba ndiyo mwisho. Ya maji, au ya vidonge vya kawaida, hudumu kama saa nne, ndiyo maana hutolewa kila saa nne kwa kufuata saa, bila kungoja maumivu yarudi. Maumivu yakishaachwa yapande, huhitaji dawa nyingi zaidi kuyashusha. Juu ya dozi za kawaida daktari huandika dozi ya akiba ya maumivu yanayochomoza katikati, ambayo kwa kawaida ni kama sehemu ya sita ya jumla ya siku: anayepata miligramu 10 kila saa nne hufikisha 60 kwa siku, na akiba yake huwa 10. Kila akiba iandikwe daftarini. Zikizidi mara tatu au nne kwa siku, dozi ya msingi haitoshi, na daktari ndiye wa kuipandisha.

Usingizi na kichefuchefu cha mwanzo hupungua baada ya siku chache. Choo kigumu hakipungui, kwa sababu utumbo hauzoei morfini, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo ianze siku ile ile ya dozi ya kwanza na iendelee kila siku. Siku tatu bila choo ni simu kwa muuguzi. Vidonge vinavyofanya kazi polepole, vya saa 12, visipondwe wala kutafunwa, maana dozi ya nusu siku itaingia yote kwa pamoja. Asiyeamka mkimwamsha, au anayepumua polepole chini ya mara 10 kwa dakika, ni dharura, na wenye figo dhaifu wako hatarini zaidi. Chupa ifungiwe mahali ambapo mtoto au mtu mwingine hatafika.

Zipo ishara nyingine ambazo hazina uvumilivu. Maumivu mapya ya mgongo pamoja na miguu kulegea, ganzi kati ya mapaja, au kushindwa kuzuia au kutoa mkojo: uvimbe unaweza kuwa unabana uti wa mgongo, na anayefikishwa akiwa bado anatembea ana nafasi kubwa zaidi ya kuendelea kutembea. Mguu mmoja kuvimba, au pumzi kukata ghafla: damu iliyoganda, ambayo saratani huichochea. Fizi zinazotoka damu, madoa madogo mekundu miguuni, choo cheusi: chembe za kugandisha damu zimeshuka, na aspirini au ibuprofeni isiguswe bila ruhusa. Wakati wa dripu, mshipa ukiwaka au ukivimba, mgonjwa aseme papo hapo asimstahi muuguzi, kwa kuwa baadhi ya dawa zikivuja nje ya mshipa huunguza nyama hadi ndani. Kwa wanaotumia dawa za kuamsha kinga ya mwili, kuharisha au kikohozi kipya kinaweza kuwa ni kinga inayoshambulia utumbo au mapafu, hata miezi kadhaa baada ya dripu ya mwisho. Dawa ya duka ya kuzuia kuharisha inaficha tu.

Usafi wa nyumba hauna mambo mengi. Kwa saa 48 baada ya dripu, mkojo, kinyesi na matapishi huwa na mabaki ya dawa, na kwa dawa chache muda huo ni mrefu zaidi. Anayesafisha avae glovu, choo kifunikwe na kumwagiwa maji mara mbili, nguo zilizochafuka zifuliwe peke yake. Mjamzito asiifanye kazi hiyo. Kumkumbatia, kula naye na kulala chumba kimoja hakuna hatari. Vivyo hivyo kwa mionzi ya mashine ya nje: mgonjwa hatoki na mionzi mwilini. Ngozi iliyopigwa ioshwe kwa maji ya vuguvugu bila kusuguliwa, na mjue kwamba huweza kuwa mbaya zaidi wiki moja au mbili baada ya kikao cha mwisho, wakati kila mtu ameshatulia.

Jambo moja hucheleweshwa bila sababu: huduma ya tiba shufaa, yaani ya kupunguza maumivu na mateso ya mgonjwa. Watu huisikia na kudhani wameachwa. Mwaka 2010 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa Marekani wa wagonjwa 151 wenye saratani ya mapafu iliyosambaa. Walioanza tiba shufaa mapema, sambamba na matibabu ya kawaida, waliishi vizuri zaidi, na pia muda mrefu zaidi: muda wa katikati (median) ulikuwa miezi 11.6 dhidi ya 8.9. Ombeni huduma hiyo tangu mwanzo, hasa dalili zinapokuwa ngumu, wala msingoje kuambiwa kwamba hakuna kilichobaki.

Matibabu yakiisha, ndugu husherehekea na kurudi kwenye shughuli zao, na hapo mgonjwa mara nyingi huzama. Kwa miezi kadhaa alikuwa na ratiba, wauguzi na lengo. Sasa ana mwili dhaifu na hofu. Uchovu huu hauondoki kwa kulala na unaweza kudumu miezi mingi, kwa wengine zaidi ya mwaka. Kinachoupunguza ni mazoezi, ingawa inasikika kinyume: dakika tano au kumi za kutembea kila siku, zikiongezwa taratibu kadiri ya wiki zinavyopita kuelekea dakika 150 kwa wiki. Kabla ya hapo daktari apime damu na tezi ya shingo, na achunguze kama ana huzuni iliyozidi, kwa sababu upungufu wa damu, tezi iliyolala (inayofanya kazi kidogo mno) na sonona vyote hujificha ndani ya neno uchovu. Kusahau majina au kupoteza mtiririko wa mazungumzo kunawapata wengi. Aandike, apumzike katikati ya kazi, na asichekwe. Ganzi ya vidole iliyotokana na dawa inaweza kuongezeka kwa miezi miwili mitatu baada ya dripu ya mwisho kabla ya kupungua, kwa hiyo apime joto la maji kwa kiwiko na asitembee pekupeku.

Kazi ya anayeuguza hugeuka hapa, na kugeuka huko ni kugumu. Mtu aliyezoea kumpimia mwenzake kila kidonge sasa anatakiwa kuachia. Mrudishieni shughuli moja moja kwa kumwuliza ni ipi anaitaka kwanza: kupika, kushika fedha, kwenda dukani peke yake. Siku zinazotangulia vipimo vya marudio, hofu hurudi nyumba nzima. Msimwambie asiwaze. Mwulizeni kama anataka kusindikizwa, kama anataka kuzungumza au kunyamaza, na mhakikishe tarehe ya majibu inajulikana mapema ili kungoja kusiwe kwa kubahatisha.

Wewe unayeuguza lala. Gaweni zamu za usiku ili kila mmoja apate angalau usiku mbili kamili kwa wiki, na mchagueni mtu mmoja wa kuwajulisha ndugu wote hali ya mgonjwa, ili simu zisimchoshe yule aliye kitandani wala yule aliye kando yake. Kama umepoteza usingizi, hamu ya chakula na furaha kwa wiki mbili mfululizo, nenda ukaonwe na daktari wako mwenyewe, kwa jina lako.

Kabla faili haijafungwa, ombeni muhtasari wa matibabu ulioandikwa: saratani ilikuwa ipi, upasuaji gani ulifanyika, dawa zipi kwa jumla ya dozi gani, mionzi ilipigwa sehemu ipi, vipimo vya marudio ni vipi na lini. Doksorubisini, moja ya dawa za dripu, inaweza kudhoofisha moyo miaka mingi baadaye, na mionzi ya shingo inaweza kuilaza tezi. Daktari atakayemtibu shinikizo la damu baada ya miaka kumi hatajua hayo asipoonyeshwa. Nakala moja abaki nayo mgonjwa, nyingine iwe kwenye simu ya mtu anayemwamini. Na kama ameandikiwa kidonge cha kila siku cha kuzuia saratani isirudi, kama tamoksifeni ya saratani ya matiti ambayo humezwa kwa miaka 5 hadi 10, mwulizeni mara kwa mara kinamfanya ajisikieje. Wengi hukiacha kimyakimya kwa sababu ya joto la ghafla, maumivu ya viungo au kukosa hamu ya tendo la ndoa, mambo wanayoona haya kumwambia daktari ingawa mengi yana njia ya kupunguzwa.